Asubuhi Yanjaa Alipomruka Udval

Udval alijifunza kushuku watu akiwa bado mtoto, mjini Darkhan, akiwa amesimama dirishani. Baba yake alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, na kila aliporudi mama alimwambia binti, "Hebu chungulia chini. Tairi zina tope au zina vumbi?" Mtoto alichungulia, akajibu, wala hakujua anajibu nini. Siku moja ya baridi kali mambo yakawa wazi: safari nyingi za baba ziliishia mji wa Erdenet, kwenye nyumba yenye mke mwingine na watoto wawili. Mama hakupiga kelele. Alimimina chai, akamketisha binti yake mbele yake, akasema, "Mwanangu, mtu akikuambia usiwe na wasiwasi, hapo ndipo uanze kuwa nao."

Maneno hayo Udval alikuja nayo Leipzig, ugenini kwa Wajerumani, na huko ndiko nilikomjua. Mimi naitwa Solongo. Nilikaa chumba cha pili kutoka chake, ghorofa ya tano ya bweni la wanafunzi, na jiko letu lilikuwa moja. Ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe baadaye, tukicheka, ingawa siku yenyewe hakuna aliyecheka.

Alikuwa anasomea sayansi ya vyakula. Tulimtania kwamba aliichagua ili ashuku maziwa kwa idhini ya chuo. Maziwa aliyonunua asubuhi aliyanusa mchana kabla ya kuyatia kwenye chai. Mlango wake aliufunga, akaenda hatua chache, akarudi kuusukuma. Ganzorig alipoanza kumtaka, yeye kwanza aliuliza habari zake kwa watu wasiojuana, akalinganisha majibu, ndipo akakubali kunywa naye chai. Ganzorig alikuwa kijana mkubwa wa mwili kutoka Khovd, mji wa kwetu pia, mpole, mwanafunzi wa mitambo, fundi wa bure wa baiskeli za bweni zima. Walikuwa pamoja mwaka wa pili sasa, na kwa muda huo wote Udval hakumkamata na lolote. Hilo nalo lilimsumbua.

Kisha akaja Yanjaa.

Mwishoni mwa Oktoba tulikuwa jikoni tukila supu, Ganzorig akasema kama mtu anayesema hali ya hewa, "Kesho nakwenda stesheni. Nampokea msichana kutoka nyumbani."

"Msichana gani?" Udval akauliza.

"Mgeni. Anakuja kusomea misitu."

"Nani kakutuma?"

"Rafiki yangu wa jeshini, Tuguldur."

"Na huyo Tuguldur ni nani wake?"

Ganzorig akainama kufunga kamba ya kiatu, na kiatu kilikuwa kimefungwa tayari. "Mtu wa karibu tu. Usiwe na wasiwasi."

Niliona kijiko cha Udval kikisimama hewani.

Yanjaa alikuwa binti mdogo mdogo, mashavu mekundu, Kijerumani chake cha kuokoteza. Alipewa chumba upande wa pili wa jengo. Hakuwa na ubaya wowote, ila alikuwa mtu wa kunyamaza, na ukimya wa mgeni kila mtu huujaza na yaliyomo moyoni mwake. Udval aliujaza hadi ukamwagika. Akagundua kwamba Ganzorig anajua Yanjaa hali kitunguu kibichi. Kajuaje? Akagundua kwamba Yanjaa akipiga simu, Ganzorig hutoka nje ya mlango kuipokea, hata theluji ikianguka. Siku moja mwezi wa Januari, akiwa ndani ya tramu, aliwaona wawili hao wakitoka kwenye jengo moja kule upande wa magharibi wa mji; Ganzorig amebeba mkoba wa msichana, msichana anafuta macho.

Jioni alimuuliza, "Ulikuwa wapi leo?"

"Maktaba."

Alisema hivyo akiwa anamenya kiazi, wala hakuinua kichwa.

Kesho yake Udval alipanda tramu ileile akashuka mbele ya lile jengo. Mlangoni palikuwa na vibao: daktari wa meno, mhasibu, mwalimu wa udereva, daktari wa wanawake. Mtu mwingine angeweza kuchagua meno. Udval alisoma kibao cha mwisho mara mbili, akarudi nyumbani kwa miguu, njia yote.

Hakumuuliza Ganzorig tena. Mama yake alimfundisha kwamba ukiuliza mapema unamfundisha mwongo kujiandaa. Badala yake, Februari ilipokaribia, alitangaza kwa furaha iliyotutia shaka sote kwamba Mwezi Mweupe mwaka huu tutausherehekea chumbani kwake. Mwezi Mweupe ndio mwaka mpya wetu. Nyumbani huwezi kulala siku zile. Watu wanatoka nyumba hii kwenda ile, wanashikana mikono, wanakula hadi mishipi inabana. Leipzig tulikuwa wachache, na mwaka uliopita tulikula mikate ya dukani mbele ya simu, tukiongea na watu wa nyumbani. Kwa hiyo tulifurahi.

"Na mgeni wako aje," akamwambia Ganzorig.

"Lazima?" Ganzorig akauliza.

Neno hilo moja Udval alilitafuna siku nzima.

Ijumaa, siku ya kuamkia sikukuu, tulikusanyika jikoni kutengeneza buuz, vile vifuko vya unga vyenye nyama ya kondoo vinavyopikwa kwa mvuke. Tulikuwa Udval, Yanjaa na mimi. Dorj, mkubwa wetu sote, ambaye alikuwa akiandika shahada ya uzamivu kuhusu miamba na kichwa chake hakikuwa na nywele, alipita mara kwa mara kuonja na kutukosoa.

"Hivi ni vifuko au ni viatu vya ngamia?" akasema akiinua kimoja changu.

"Kaka Dorj, ukitaka vizuri, nawa mikono ukae," nikamjibu.

"Mimi ni mzee wa sherehe. Mzee hakandi unga." Akaenda zake.

Udval alifungua karatasi ya nyama, akainamia bakuli, na ghafla uso ukamgeuka rangi. "Nyama hii imeoza!"

Nikanusa. Ilinukia kondoo, basi. Yanjaa akanusa, akatikisa kichwa. "Mbona nzima, dada?"

"Imeoza nawaambia! Yule mchinjaji katuuzia ya juzi. Solongo, irudishe."

Nikavaa koti nikairudisha kwa mchinjaji, Mturuki wetu wa mtaani. Yule bwana aliapa kwa mama yake kwamba mnyama alichinjwa jana, akaninusisha nyama, akajinusisha mwenyewe, akamwita na mkewe anuse. Mwishowe, kwa huruma, akanibadilishia. Niliporudi Udval alikuwa anatoka chooni, amelowa uso. Akaikaribia nyama mpya, akaziba pua. "Ileile," akasema. "Wanashirikiana."

Tukakata, tukakunja. Yanjaa alikuwa upande wa pili wa meza, anakunja upesi na vizuri, na kila nilipoinua macho nilimkuta anamtazama Udval. Anamtazama mikono, anamtazama uso, anamtazama akitafuna vipande vya jibini kavu kimoja baada ya kingine kama mbuzi aliyelamba chumvi. Yanjaa alipokwenda kuchota maji, Udval akanikamata mkono.

"Umeona anavyonitazama? Ananipima."

"Anakupima nini?"

"Anapima nafasi yangu. Solongo, sikiliza. Kesho utazame sana. Mume na mke hawasalimiani asubuhi ya Mwezi Mweupe, si unajua? Basi nitaona kama wale wawili watasalimiana."

"We Udval! Kwani hao ni mume na mke?"

"Ndiyo ninayotaka kujua. Halafu nitaona kama ataweza kuja mbele yangu, anishike viwiko, aniangalie machoni. Mwenye mimba ya mwanamume wa mtu hawezi."

"Mimba? Mimba gani tena?"

Ndipo aliponiambia habari ya jengo na vibao. Nilitaka kumwambia anajitia wazimu, lakini nilikumbuka kiatu kile kilichofungwa mara mbili, nikarudi kukunja buuz. Shaka nayo huambukiza. Tangu saa ile na mimi nikaanza kumwona Yanjaa mwingine: mbona joho lake pana hivi? Mbona hanywi bia?

Kukapambazuka Jumamosi. Sikukuu ilituangukia vizuri, hakuna darasa. Chumba cha Udval kilikuwa kimesafishwa hadi kwenye kona. Juu ya meza ya kusomea ulisimama mnara wa mikate mirefu tuliyoikaanga wenyewe, imepambwa kwa jibini na vipande vya sukari, na pembeni mgongo mzima wa kondoo na mkia wake. Bwana Pfeifer, msimamizi wa jengo, alikuwa amekwisha gonga mlango kuuliza ni kitu gani kinachochemka tangu alfajiri, na Dorj alimtia kipande cha mkate mkononi kabla hajamaliza swali. Alichungulia mnara ule, akachungulia majoho yetu, akaondoka akitafuna polepole kama mtu anayeonja ushahidi.

Tulivaa vizuri. Udval joho la samawati na mshipi wa njano wa hariri, Yanjaa joho la zambarau na mshipi wa kijani. Dorj akakaa kitandani mahali pa heshima, chupa yake ya ugoro kifuani, amejitutumua.

"Haya wanangu, njooni. Msinivunje viwiko, mimi ni mzee."

"Mzee wa miaka thelathini na nane," Ganzorig akamwambia.

"Kichwa changu kina sabini. Njoo, msalimie."

Salamu yenyewe inajulikana kwetu tangu utotoni. Mkubwa ananyoosha mikono, viganja chini. Mdogo anaikinga kwa chini, anamshika viwiko, kama anamwambia nitakushika usianguke. Wanagusishana mashavu na kuulizana amani. Kila mtu na kila mtu, kwa umri. Ganzorig akamsalimia Dorj. Udval akamsalimia Dorj, kisha Ganzorig, na hapo akamtazama kijana wa watu kwa muda uliozidi desturi. Nami nikafuata. Halafu ikaja zamu ya Yanjaa, mdogo wa wote.

Alimsalimia Dorj vizuri. Akamwendea Ganzorig. Nilihisi Udval ameacha kupumua pembeni yangu. Yanjaa akakinga mikono yake midogo chini ya ile mikubwa, akamshika viwiko, "Umeamka na amani, kaka?" Ganzorig akajibu, "Amani tupu. Na wewe uwe nayo." Mashavu yakagusana. Basi si mume na mke. Udval akashusha pumzi, uso ukamlainika, na mimi nikajisemea, alhamdulillahi, tutakula kwa furaha.

Udval akanyoosha mikono yake.

Yanjaa akaja hadi mbele yake, akasimama. Akaangalia ile mikono ya samawati iliyonyooshwa. Kisha akarudi nyuma hatua, akageuka, akanijia mimi, akanisalimia kwa sauti iliyokuwa inatetemeka.

Sufuria ya mvuke ilisikika ikinong'ona kule jikoni.

"Ala!" Dorj akasema. "Mdogo wangu, umeruka mtu."

"Nita... nitamsalimia baadaye, kaka."

"Salamu ya mwaka haina baadaye. Kuna ugomvi? Ugomvi humalizwa mwaka wa zamani."

"Hakuna ugomvi."

Udval alikuwa bado amenyoosha mikono. Aliishusha taratibu, akajirekebisha mshipi, akatabasamu tabasamu ambalo nisingependa kuliona tena. "Buuz zitaungua," akasema. "Yanjaa, njoo unisaidie."

Ganzorig akainuka. "Niende mimi."

"Wewe kaa!" Udval akamwambia, naye akakaa kama kiti kimemvuta.

Mimi niliwafuata kwa kisingizio cha sahani. Kwa kweli niliogopa. Udval aliufunga mlango wa jiko, akaegemea, akasema kwa sauti ya chini:

"Haya. Mimba ni ya nani?"

Yanjaa akashika tumbo kwa mikono miwili. Ndiyo jibu la kwanza. "Nani kakwambia, dada?"

"Usiniulize swali juu ya swali. Nimewaona mkitoka kwa daktari. Unalia, yeye kabeba mkoba. Halafu akaja kwangu akaniambia alikuwa maktaba. Mimba ya nani?"

"Ya mume wangu."

"Mume gani? Uliandikwa hapa mseja."

"Tuguldur." Machozi yakaanza kumtoka. "Tulifunga ndoa kimyakimya kabla sijasafiri. Mama yake alishamchagulia mtu mwingine. Hajui kama tumeoana, na akijua pia nina mimba ataniita nirudi nikazalie kwake, na masomo ndiyo basi. Kaka Ganzorig aliapa kwa Tuguldur kwamba hatamwambia mtu. Na hapa kuna kaka Dorj, dada. Shangazi yake anakaa mtaa mmoja na mama mkwe kule Arvaikheer. Habari ya Leipzig hufika kule kabla chai haijapoa."

Hilo lilikuwa kweli. Lakini Udval alikuwa amepitia vitu vya kweli kama hivyo maishani, vikageuka uongo.

"Hadithi nzuri," akasema. "Imenyooka. Sasa niambie: kama huna hatia na mimi, kwa nini umeniruka mbele ya watu? Ganzorig umeweza kumsalimia. Mimi umeshindwa kunitazama."

"Sikushindwa kukutazama. Nakutazama tangu jana."

"Nimeona. Kwa nini?"

Yanjaa akanitazama mimi kana kwamba naweza kumsaidia, akamrudia Udval. "Dada, mimi nimelelewa na bibi. Bibi alisema wanawake wawili wenye mimba hawapeani salamu ya mwaka. Watoto watabadilishana tumboni. Najua mtasema ni ushamba. Lakini sikuweza."

"Wanawake wawili gani?"

"Mimi," Yanjaa akasema. "Na wewe."

Udval akashika mshipi wake. "Mimi? Mimi ni nyama tu ile. Harufu yake ilinichafua."

"Nyama tumeinusa sote, dada."

"Nimechoka. Hita ya chumba changu inakausha hewa."

"Jana ulipoinamia lile bakuli nilijiona mimi mwenyewe, mwezi wa Novemba. Na jibini unavyoitafuna. Nikajua. Nilidhani unajua na wewe."

Udval akakaa kwenye kile kiti cha plastiki kilichopasuka. Niliona anaanza kuhesabu kichwani, midomo inacheza, kisha ikaacha kucheza. Msichana aliyenusa maziwa ya kila mtu, aliyepima tairi za baba yake na simu za mwanamume wake, mwili wake mwenyewe ulikuwa umebeba siri miezi miwili naye hakuushuku hata siku moja.

Nilidhani atalia. Hakulia. Alimwambia Yanjaa, "Mpigie mumeo. Sasa hivi. Nimwone."

Nyumbani ilikuwa jioni. Tuguldur alitokea kwenye simu akiwa katika bwalo la wachimba madini, jangwani huko kusini, wenzake wanaimba nyuma yake, mdomo umejaa. "Mke wangu!" akapiga kelele, akaona si uso wa mkewe, akakabwa na chakula.

"Mimi ni Udval wa Ganzorig. Heri ya mwaka mpya. Mkeo huwa hali chakula gani?"

"Eh? Kitunguu kibichi! Na samaki. Na ukimwamsha mapema hasemi na mtu hadi mchana. Kuna nini? Yanjaa yuko salama? Mtoto?"

Alivyoliuliza neno la mwisho, sauti ilivyomkatika, hata mimi niliamini. Udval naye bega likamshuka. Lakini hakumwachia bado.

"Na Ganzorig? Jeshini alikuwa mtu wa namna gani?"

Tuguldur akacheka kwa kupata nafuu. "Huyo? Hajui kudanganya kabisa. Akisema uongo mdogo tu, jasho linamtiririka. Tulikuwa tunamjua papo hapo."

Udval akamrudishia Yanjaa simu. "Kwangu hakutoka jasho," akaniambia mimi, polepole. "Alikuwa anamenya kiazi."

Hapo mlango ukasukumwa, kichwa cha Dorj kikaingia. "Jamani, hizo buuz mnazipika au mnazizaa?"

Na Udval, bila kupepesa jicho, akamgeukia. "Tulikuwa tunamalizana kuhusu nyama, kaka Dorj. Jana nilimkaripia mtoto wa watu kwa sababu ya nyama, akakasirika. Yameisha."

"Nyama ndiyo ya kurukiana salamu?"

"We unanijua mimi na nyama. Chukua sahani, upesi, zinapoa."

Alidanganya vizuri sana. Jasho hata tone. Dorj alipoondoka na sahani, nilimwona Udval akiitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

Kabla hawajatoka walifanya jambo ambalo kwa desturi ya wazee wenye mimba hufanya badala ya salamu: walifungua mishipi yao, wakabadilishana. Udval akajifunga wa kijani, Yanjaa wa njano. Yanjaa alimsaidia kufunga fundo, naye Udval akambana shavu kidogo, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, ndipo wakatoka.

Tulikula. Ganzorig alikuwa anapambana na mfupa wa mgongo wa kondoo, hakuona kitu. Lakini Dorj aliinua chupa yake ya ugoro puani, macho yakaupita mshipi wa njano, yakaupita wa kijani, yakarudi tena. Akapiga chafya. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakusema chochote. Udval aliona kwamba ameona, na hilo likampa kazi mpya ya majuma kadhaa: kwa nini huyu hasemi? Anangoja nini? Kila Yanjaa alipopata simu kutoka nyumbani, Udval alikuwa wa kwanza kuuliza ni nani, na kila alipokutana na Dorj ngazini alimtazama kama wanavyotazamana paka wawili kwenye ukuta mmoja.

Jumatatu yake alinunua kipimo duka la dawa la mbali, asikojulikana. Kikasema alichosema Yanjaa.

Mngefikiri alikwenda moja kwa moja kwa Ganzorig. Hakwenda. Alikaa na jambo lile zaidi ya juma zima, akimtazama kijana wa watu anavyokula, anavyolala, anavyofungua mlango. Alisema anataka kumjua kwanza, Ganzorig akiwa hajui kwamba anachunguzwa. Nikamwambia, "Udval, sasa mwenye siri ni wewe." Akanifukuza chumbani.

Mwishowe ilikuwa uani, penye baiskeli, mchana, theluji inayeyuka. Ganzorig alikuwa amechuchumaa na mnyororo mkononi. Mimi nilikuwa dirishani kwangu. Dirisha lilikuwa wazi, na sitasema kwamba lilifunguka lenyewe.

"Najua habari ya Yanjaa," Udval akamwambia. "Yote. Nimeongea na Tuguldur."

Ganzorig akaweka mnyororo chini. "Tangu lini?"

"Tangu sikukuu. Ulinidanganya, Ganzorig."

"Niliapa."

"Kuapa nimekuelewa. Ningemheshimu mtu aliyeapa. Kinachonitisha ni ulivyoweza. Hukuinua hata kichwa."

Ganzorig akainuka. "Sikuinua kichwa kwa sababu ungeniona," akasema. "Ulidhani nilikuwa namenya kiazi? Hebu tazama kidole changu, kovu lipo bado. Nilijikata, nikaficha chini ya maji."

Udval akamshika mkono, akaugeuza, akakitafuta kidole. Kovu lilikuwepo. Alilitazama sana, na mimi namjua, alikuwa anapima kama ni kovu la Januari au la juzi. Kisha akauweka ule mkono mchafu wa mafuta juu ya koti lake, tumboni, akamwambia. Sikusikia maneno. Nilimwona tu yule mtu mkubwa akikaa chini kwenye theluji ya maji, suruali yote inalowa, wala asijue.

Mambo yaliyofuata hayakuwa laini. Tuguldur mwenyewe alimwambia mama yake ilipofika majira ya kuchipua, na kwa siku nyingi simu ya Yanjaa haikupokea ila laana. Dorj hakuhusika. Udval alipomkabili ngazini kumuuliza, Dorj alichukia kweli. "Nina mdomo mrefu, najua," akasema. "Lakini habari ya tumbo si ya mdomo. Mmenionaje?" Udval alimwomba radhi, na baadaye akaniambia bado haelewi aliwezaje kunyamaza vile.

Yanjaa alijifungua binti mwezi wa Julai. Udval ndiye aliyekuwa naye chumba cha uzazi, tumbo lake mwenyewe mbele, akimhoji mkunga kila sindano ni ya nini hadi mkunga akamwomba atoke kidogo. Mwezi wa Agosti mama mkwe akafika kutoka Arvaikheer. Alikuja na hasira yake na sanduku zima la jibini kavu. Hasira ilikwisha alipokabidhiwa mtoto. Jibini iliendelea hadi vuli. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, macho hayatulii, na tangu siku ya kwanza yeye na Udval walielewana kuliko nilivyotegemea. Walikwenda sokoni pamoja, wakarudisha vitu pamoja.

Udval alipojifungua mwanawe wa kiume, Septemba, bibi yule wa Arvaikheer alikuja hospitali nami. Tulimkuta Ganzorig amelala kwenye kiti, mdomo wazi, mtoto kifuani. Udval alikuwa amekaa kitandani, amechoka, anakagua kile kibandiko cha jina kwenye kifundo cha mtoto. Bibi akamtazama mtoto kwanza, akatema mate kidogo pembeni kumkinga na jicho baya. Halafu akamtazama Ganzorig, kutoka kwenye viatu kupanda juu, hakuharakisha.

"Na huyu," akamuuliza Udval, "umeshamchunguza?"

"Bado namchunguza, mama."

"Vizuri," bibi akasema, akavuta kiti akakaa. "Hakuna haraka."